Wakicheka Nasubiri Kuambiwa

Mama yangu alijua Kiswahili cha kupokea mgeni. Alijua karibu, kaa, kula, pole na safari, na salamu moja ya asubuhi aliyoitamka kwa namna yake: "Umerara?" Namjibu, "Nimelala, mama, shikamoo." Anasema, "Marahaba." Baada ya hapo tunabaki tunatazamana, yeye anatabasamu, na mimi natabasamu, hadi mmoja wetu apate kazi ya kufanya. Kihangaza chake mimi sikukijua. Nilizaliwa ndani ya lugha hiyo, katika kijiji kimoja cha milimani wilayani Ngara, lakini niliondolewa nikiwa na miaka miwili, kabla haijakaa mdomoni.

Aliyenichukua ni shangazi, dada yake baba. Alikuwa ameolewa Tabora na fundi wa reli, Mnyamwezi, na hawakujaliwa mtoto. Mama wakati huo alikuwa anaumwa kifua, hana nguvu ya kubeba mtoto wala jembe, na kaka yangu, ambaye ananizidi miaka mitano, alikuwa bado wa kuogeshwa. Hayo ndiyo niliyoambiwa nilipokua, na sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Shangazi alinipenda. Nilimwita mama, na yule wa kijijini nilimwita mama wa Ngara, kama mtu anavyotaja ndugu wa mbali anayeletewa salamu.

Nyumbani kwa shangazi tulisema Kiswahili tu. Mume wake hakujua Kihangaza, na shangazi aliamini kwamba mtoto akichanganya lugha atashindwa shule. Lakini simu za mkononi zilipoingia, ndugu wa Ngara wakaanza kumpigia, nami nikamwona mtu mwingine. Sauti yake ilishuka, ikawa nzito, halafu ikapanda ghafla kwenye kicheko ambacho sisi wa nyumbani hatukuwahi kukipata. Alipiga paja lake kwa kiganja. Akikata simu anarudi kuwa shangazi wa kila siku na kuniuliza kama nimeanika nguo. Nilikuwa namwonea wivu hata sijui wa nini.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, nikapelekwa kumzika. Ninachokumbuka ni baridi ya kule juu na wanawake wengi walionishika mashavu wakisema maneno nisiyoyaelewa. Shangazi naye alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Nilipomaliza, nikapangiwa shule ya msingi katika kata ya Nemba, Biharamulo. Watu waliniambia ni bahati, nimerudishwa karibu na kwetu. Kutoka Nemba hadi kijijini kwa mama ni safari ya nusu siku: basi, kisha gari dogo hadi Ngara mjini, kisha bodaboda ya kupanda mlima. Nikasema sasa nitakuwa mtoto wa nyumbani.

Krismasi ya kwanza nilifika na kitenge cha mama na mfuko wa sukari. Baada ya misa tulikusanyika uani kwa kaka, ambaye amejenga hatua chache kutoka nyumba ya mama. Wanaume walikaa barazani na rubisi yao, ile pombe ya ndizi. Wanawake tulikaa kwenye mikeka karibu na jiko, ndizi na maharage zikichemka, nyama ya mbuzi ikisubiri zamu yake. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyekuwa msemaji. Ni mtu mfupi, mwenye meno machache, na anaposimulia anasimama, anatembea, anageuka kuwa kila mtu anayemtaja. Kelele za wanaume zikazimika, na wanawake wakaacha kumenya. Kisha wote wakalipuka kwa kicheko. Mama alifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nikamgusa mwanamke aliyekaa kando yangu. "Amesema nini?"

Alifikiri kidogo, bado anahema kwa kucheka. "Ah, mambo ya zamani tu."

Kicheko kingine kikaja, nikamuuliza tena. "Ni yale yale," akasema, akanipigapiga goti kwa huruma, akageuka kusikiliza.

Hawakuwa watu wabaya. Kila baada ya muda mtu alikumbuka kwamba nipo, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, kula nyama," au "Mwalimu, huko Nemba mvua ipo?" Nikajibu ipo, wakasema afadhali, wakarudi kwao. Nilikaa kwa muda wa saa nne kwenye mkeka ule. Nilihesabu mabati ya paa la kaka. Nilibeba mtoto wa jirani hadi akalala, na alipolala sikumrudisha kwa mama yake, maana angalau yeye alinipa kazi.

Nilijaribu kujifunza, nisije nikaonekana nimekaa tu kulalamika. Nilitenga daftari, nikawa naandika maneno niliyoyaokota. Mengine yalifanana na Kiswahili, na hayo ndiyo yaliyonidanganya. Pasaka iliyofuata nikawakaribia akina mama waliokuwa wanachambua maharage, nikatoa sentensi niliyoifanyia mazoezi wiki nzima ndani ya nyumba ya shule. Nilikusudia kusema nimefurahi kuwaona wakiwa wazima. Kuna mahali nilivuta sauti pasipotakiwa kuvutwa. Walinitazama, wakatazamana, halafu mmoja akaangukia ungo. Walicheka hadi wakashikana mabega. Hakuna aliyekubali kuniambia nimesema nini, ila mmoja alinong'ona, "Mwalimu, hilo ni neno la chumbani." Nami nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka moto. Sentensi ile ikawa mali ya ukoo. Kila sherehe mtu aliirudia, wakaanza upya. Daftari niliwapa wanafunzi wangu wakachana karatasi za kufanyia hesabu.

Kilichonikalia vibaya zaidi ni kumwona wifi yangu, mke wa kaka. Yeye ni Msukuma, amezaliwa huko huko Biharamulo, si mbali na shule yangu. Aliolewa Ngara bila kujua neno hata moja, na sasa anakaa jikoni na mama yangu kutwa nzima wakiongea. Walikuwa wanagombana kuhusu chumvi, wakinong'onezana kuhusu majirani, wakinyamaza pamoja. Nilipokuwa nafika, mama alinipa kiti kizuri, na wifi alipewa kisu cha kumenyea ndizi. Mimi nilikitaka kile kisu.

Jambo lenyewe lililonifanya niache kwenda lilitokea siku ya Komunio ya Kwanza ya binti wa kaka. Chakula kilikuwa kimeliwa, wanawake wamenyoosha miguu. Mama alianza kuongea, na hakuwa mtu wa kuongea sana. Alisema polepole, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake, na wanawake wote wakamsikiliza, hata wale wabishi. Nikasogea. Nilisikia neno la mtoto, nikasikia Tabora. Kisha, katikati ya Kihangaza chake, mama akatoa Kiswahili safi kabisa, kila silabi mahali pake:

"Mwambie aende kwao."

Wanawake wakageuka wakanitazama. Mmoja alitikisa kichwa, mwingine akafyonza meno taratibu kama mtu aliyeonja uchungu. Mama naye aliinua macho, akaniona namtazama, akatabasamu lile tabasamu lake la kunipokea.

"Mama anasema nini?" nilimuuliza aliyekuwa karibu.

"Anakumbuka tu," akajibu.

Sikuuliza tena. Mwambie aende kwao. Kama kuna Kiswahili kinachoeleweka, ni hicho. Nilisema moyoni kwamba mama amechoka na mgeni asiyeongea, anayekalia kiti na kutazama midomo ya watu. Asubuhi yake niliondoka kabla chai haijaiva. Mama alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenishikia mfuko, ananiambia, "Pole na safari," nami nikaupokea mfuko nikapanda bodaboda.

Nikaisikia tena sentensi ile Krismasi iliyofuata, na tena kwenye harusi ya mtoto wa baba mdogo. Kila mara ilikuwa vile vile: sauti ya polepole, ukimya, maneno yale matatu, kisha vichwa kunigeukia. Baada ya harusi ile sikwenda tena. Kaka akipiga simu, nilisema nina mitihani ya kusahihisha, au nimepangiwa zamu likizo, au mafua. Yote yalikuwa ya uongo. Likizo nilikuwa nashinda ndani ya nyumba ya shule. Miaka miwili ikapita hivyo. Nilimtumia mama vitenge kwa watu wa magari, naye akanitumia ndizi na maharage kwa watu hao hao, na kati yetu hakukuwa na neno lolote lililokosewa.

Aliyekuja kunitafuta ni wifi. Alikuwa amekuja Nemba kuwaona wazazi wake, na Jumamosi moja mchana nikamwona anakatiza uwanja wa shule akiwa na kikapu kichwani. Alikaa kwenye mkeka wangu, akanywa maji, akaniangalia bila haraka.

"Wifi," akasema, "umetukataa?"

"Nani amewakataa? Kazi tu."

"Mwalimu jirani yako ana mume Ngara, naye anakuja kila likizo. Kazi zenu ni moja. Niambie."

Sikuwa nimepanga kusema. Lakini alikuwa ni mtu wa kwanza wa ukoo ule kuniuliza kitu kwa Kiswahili ambacho hakikuwa mvua wala chakula. Nikamweleza yote, na mwisho nikamwambia, "Mama mwenyewe ndiye ametaka niondoke. Nimemsikia kwa masikio yangu, mara tatu."

"Amesema nini?"

"Mwambie aende kwao."

Wifi akaanza kucheka, halafu akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alipoondoa mikono, hakuwa anacheka tena.

"Ina maana hujawahi kuambiwa," akasema. "Miaka yote hii tunakaa hapo, kila mtu anadhani unajua."

Ndipo akanisimulia kile ambacho mama alikuwa anakisimulia mbele yangu. Makubaliano yalikuwa nikae kwa shangazi hadi mama apone, basi. Mama alipona baada ya mwaka na kidogo. Baba alisitasita, hakutaka kumuudhi dada yake. Mama akasubiri, akachoka, akamwomba katekista amwandikie kwenye karatasi jina la mtaa wa Tabora, akaondoka peke yake. Hakuwa amewahi kutoka nje ya wilaya. Kila alipobadilisha gari alionyesha watu karatasi ile, na Kahama alilala stendi akiwa ameikalia ili isipeperuke. Alipofika, alinikuta nacheza uani. Aliniita kwa jina alilonipa mwenyewe, jina ambalo shangazi alikuwa ameshaliacha. Nikakimbilia nyuma ya sketi ya shangazi, nikasema maneno fulani kwa sauti ya juu.

"Mama akamuuliza wifi yake, yaani shangazi yako, mtoto amesema nini?" wifi alisema. "Akajibiwa, amesema karibu."

Alikaa siku mbili na sikumruhusu anishike. Lakini mama hakuamini lile jibu, kwa sababu ya jinsi uso wangu ulivyokuwa. Kwa hiyo akayakariri maneno yangu bila kuyaelewa. Aliyasema ndani ya basi, stendi, njia nzima, kama neno moja refu, asilidondoshe kabla ya kufika. Siku aliyorudi alipitia kwa katekista akamtamkia. Katekista akamwomba arudie, kisha akamwambia maana yake. Mama akaitikia, akaenda nyumbani, akachukua jembe. Hakwenda tena Tabora. Baba alipomuuliza, alimjibu kwamba mtoto ameshasema.

Nilikaa nikitazama kikapu cha wifi. Hakuna hata chembe ya siku ile niliyoikumbuka. Nilimtafuta mtoto yule kichwani nikamkosa, na shangazi, ambaye ningeweza kumuuliza, alikuwa ameshazikwa pamoja na jibu lake.

"Kwa nini sasa anaisimulia kwenye sherehe?" niliuliza. "Mbele za watu?"

"Anaisimulia ukiwepo tu. Usipokuja haisemi." Wifi alinishika mkono. "Wale wanaokucheka kwa sababu hujui lugha, anawanyamazisha nayo. Anawaambia, huyu alinifukuza kwa Kiswahili chake, mkaniona nimekufa moyo. Sasa mtazameni, amekuja mwenyewe, amekaa hapo. Hapo ndipo wote wanakugeukia."

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anamenya ndizi, amepungua mwili, shingo imekuwa nyembamba. Tukasalimiana. Wifi alikaa katikati yetu kama tulivyopanga, na mimi, ninayesimama kila siku mbele ya watoto sitini, nikakosa pa kuanzia.

"Mwambie sikujua," nilisema. "Mwambie nilikuwa mtoto. Mwambie sikuambiwa kwamba alikuja."

Wifi akatafsiri. Mama aliweka kisu chini. Akaongea, na maneno yake yalikuwa marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akinielekezea. Hakunitazama, alitazama mgomba uliokuwa mbele yetu, na mara mbili alisimama akavuta pumzi. Wifi alianza kulia katikati ya maneno yale, machozi yakimshuka bila sauti. Mama alipomaliza, wifi alijifuta, akasema, "Anasema amekusikia. Anasema halikuwa kosa lako."

"Amesema mengi kuliko hayo."

"Amesema mengi," alikubali. "Wifi, mengine nikiyaweka kwenye Kiswahili nitayaharibu. Niache niyatafutie maneno."

Nilikasirika. Nilitaka kumtikisa. Maneno yangu, ya mama yangu, yalikuwa yamekaa ndani ya mtu mwingine, hatua moja kutoka nilipo. Hadi leo amenipa vipande, mwaka huu kimoja, mwaka ule kingine, na siamini kwamba vimekwisha. Mama alituangalia tukibishana, akachukua kisu, akakigeuza upande wa mpini, akanipa. Nikamenya ndizi vibaya, nikitoa na nyama yake, na mara mbili alicheka kimya kimya akanionyesha jinsi ya kushika. Zile siku kumi ndizo tulizokaa vizuri kuliko zote. Hatukuongea.

Ugonjwa wa kifua ulimrudia mwaka uliofuata. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, akalazwa tena, kisha wakubwa wakaamua abaki kwake. Niliomba ruhusa shuleni nikaenda. Alikuwa anaongea kwa tabu, na Kiswahili chake chote kilikuwa kimeondoka, hata ile salamu ya asubuhi. Nilipomwamkia alinitazama kwa upendo na kunijibu kwa Kihangaza.

Siku ya tatu, mchana, wifi aliniacha naye akaenda kisimani. Kaka alikuwa shambani. Tulikuwa wawili tu chumbani, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka. Mama akaniambia kitu. Neno moja, fupi. Nikamletea maji, akayasukuma kwa nyuma ya mkono. Akalirudia neno. Nikamwongezea blanketi, akatikisa kichwa. Nikaliondoa. Nikafungua dirisha, nikalifunga. Nikamletea uji, rozari, nikamletea picha ya baba iliyokuwa ukutani. Kila mara alilisema neno lile lile, mwanzoni kwa subira, kama anavyofundishwa mtoto, kisha kwa sauti inayopungua. Mwisho akaacha kulisema. Alifumba macho, machozi yakatoka pembeni yakaingia kwenye sikio, na mimi nikayafuta kwa kanga nikisema, "Samahani, mama, samahani," neno ambalo sina hakika kama alilijua.

Wifi alipoingia na ndoo nilimtamkia lile neno kama nilivyolishika.

"Anataka ageuzwe," akasema. Hakusubiri hata kutua ndoo vizuri. Alimshika bega, mimi nikashika kiuno, tukamgeuza alalie upande wa pili. Upande aliokuwa amelalia ulikuwa mwekundu wote, umechorwa mikunjo ya shuka. Mama alishusha pumzi ndefu. Alikuwa ameniomba kwa karibu saa nzima nimgeuze.

Alifariki baada ya siku mbili. Watu walikuja wengi, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, upande wa Rwanda, ambako wazazi wake walikuwa na ndugu. Padri alihubiri kwa Kiswahili, na mazishi yenyewe yalipita kama yanavyopita, kwa nyimbo na udongo na sahani nyingi za kuosha.

Siku ya kumaliza matanga ndiyo ninayoirudia mara kwa mara. Tulikuwa tumebaki ndugu wa karibu, wanaume kwa wanawake mahali pamoja, tumekaa uani kwa mama. Kaka alisimama. Yeye na mimi hatujawahi kuwa na mazungumzo marefu, ana aibu na Kiswahili chake na mimi nina aibu na kila kitu. Alisema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, "Leo tunaongea Kiswahili. Wote. Dada yetu amekaa na sisi miaka yote hajui tunasema nini. Mama hakupenda hivyo. Leo asiachwe."

Wakaitikia, "Sawa, sawa, ni haki." Wakanigeukia wakiwa wamenyoosha migongo.

Mmoja akauliza, "Shule inaendeleaje, mwalimu?"

"Inaendelea vizuri."

"Wanafunzi wako wangapi?"

Nikataja.

"Ni wengi," akasema. Wengine wakakubali kwamba ni wengi. Mama mmoja mzee, ambaye Kiswahili hakijui kabisa, alikunja mikono mapajani akainama. Mwingine alisema mwaka huu kahawa imekubali. Tukakubaliana kuhusu kahawa. Mtu akakohoa. Watu wale wale niliowazoea wakikatizana maneno na kugongana mabega walikuwa wamekaa kama wanaosubiri kuitwa ofisini.

Kaka akamwangalia baba mdogo. "Baba, simulia habari ya mama na mbuzi."

Baba mdogo akasimama, kama kawaida yake. "Siku hiyo," akaanza, "ilikuwa Jumapili. Mama yenu... shemeji yangu... alikuwa na mbuzi. Mbuzi huyo akaingia kanisani. Akakula zile... zile za..."

"Matawi," kaka alimsaidia.

"Ndiyo, matawi. Akakula. Na padri akakuja..." Alisimama katikati ya ua, mkono mmoja juu, mkono uliokuwa tayari kuwa padri. Aliutazama, akaushusha. "Hapana," akasema. "Watoto, mnisamehe. Kwa Kiswahili simuoni."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mama mzee alimuuliza jirani yake kwa kunong'ona kilichotokea, akanong'onezwa, akaanza kulia, na sikujua kama anamlilia mama au anatulilia sisi.

Nilifikiria jinsi nilivyokuwa nimeitamani siku hii. Nilidhani wakiniletea mazungumzo hadi nilipo, nitayapata kama wanavyoyapata wao. Sasa yalikuwa yameletwa, yamewekwa mbele yangu, na hayakuwa na mama ndani yake. Nikaona kwamba kadiri ninavyokaa pale wakinitunza, ndivyo wanavyomkosa mtu ambaye walikuwa wamekusanyika ili wamwone mara ya mwisho.

"Baba mdogo," nikasema, "simulia kwa Kihangaza. Wifi ataniambia."

"Utaachwa, mwanangu."

"Simulia tu."

Aliwatazama wengine, akasimama tena, taratibu. Maneno ya kwanza yalitoka kwa kusitasita, ya pili yakapata miguu. Alikuwa mbuzi, akawa padri mwenye tumbo, kisha akaweka mkono kiunoni na kuinua kidevu, nami nikamwona mama, mama mkali ambaye sikuwahi kukutana naye. Alitoa jibu lake. Ua mzima ukaanguka. Kaka aliinamisha kichwa magotini, mabega yakitikisika, na mama mzee alipiga makofi huku machozi yakimtiririka.

Nilimshika wifi mkono. "Amesema nini? Wifi, amemjibu nini padri?"

Alijaribu kuniambia akashindwa. Kila alipofungua mdomo kicheko kilimkaba. Alinyoosha kidole, ngoja, ngoja kwanza. Nikangoja. Baba mdogo alikuwa ameshaingia kwenye hadithi nyingine, watu wameshamgeukia, wakati wifi alipopata pumzi akanisogezea mdomo sikioni.

"Padri alimwambia, mama, mbuzi wako amekula matawi ya Bwana. Naye akamjibu, basi mbariki upesi, padri, maana tunamchinja Pasaka."

Nikacheka. Kicheko kilinitoka kwa nguvu, peke yangu, mahali ambapo baba mdogo alikuwa amefika kwenye jambo la huzuni. Ua mzima ukanyamaza, ukanigeukia kuona ninacheka nini.